Jina Moja, Ngeli Nyingi: Uhakiki wa Madaftari ya Pamoja ya Msamiati katika Miundo ya Data ya Kamusi za Kiswahili

Ikisiri

Kamusi, orodha za istilahi na kongoo za Kiswahili zinazidi kuhifadhiwa katika hifadhidata, na kila hifadhidata huwa na vipengele vinavyohitaji majina: neno, aina ya neno, ngeli, wingi, maana, mfano, chanzo. Wataalamu wa data wanashauri kwamba majina hayo yasibuniwe upya na kila mradi, bali yachukuliwe kutoka katika madaftari ya pamoja ya msamiati. Makala hii inaunga mkono ushauri huo lakini inauhakiki kwa kutumia kipengele kimoja, yaani ngeli. Inadai kwamba kushiriki jina la kipengele bila kushiriki fasili yake na orodha ya thamani zake kunaleta madhara makubwa kuliko kutoshiriki kabisa, kwa sababu kosa linalotokea halionekani. Inadai vilevile kwamba sehemu ya tatizo inatokana na sisi wanaisimu wa Kiswahili, ambao hatujaamua tunaita kitu gani ngeli.

Istilahi muhimu: daftari la msamiati, muundo wa data, kipengele cha data, ngeli, upatanisho wa kisarufi

1.0 Utangulizi

Kabla ya kuingia katika hoja, ni vyema kueleza istilahi moja. Neno "rejesta" kwa wanafunzi wengi wa isimujamii nchini Tanzania lina maana ya mtindo wa lugha unaotokana na muktadha, na neno "sajili" hubeba maana hiyo hiyo katika vitabu vingi vya Kenya. Yote mawili yangeweza kutumika hapa, na yote mawili yangempotosha msomaji. Kwa hiyo ninatumia "daftari", kama tunavyosema daftari la wapigakura: mahali ambapo kila kinachoingizwa kina namba yake, maelezo yake, na mtu anayewajibika kwa usahihi wake.

Daftari la msamiati, basi, ni orodha ya dhana ambayo waundaji wa hifadhidata mbalimbali wanaweza kuirejelea wanapotaja vipengele vyao. Mradi mmoja ukiita safu yake "aina ya neno" na mwingine ukaiita "kategoria", bado zinaweza kusomwa pamoja endapo zote mbili zinaelekeza kwenye dhana ileile katika daftari. Manufaa yake ni dhahiri, hasa kwetu tunaofanya kazi nje ya vitovu vikuu vya ukuzaji wa Kiswahili. Mtafiti wa Uganda, Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo hupokea data kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Ulaya kwa pamoja, na mara nyingi yeye ndiye anayelazimika kuziunganisha. Gharama ya majina yasiyolingana humwangukia yeye kwanza.

Swali la makala hii si kama madaftari ya pamoja yanafaa. Yanafaa. Swali ni nini hasa kinachopaswa kushirikiwa ili yafae.

2.0 Jina, dhana na thamani

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 11179, ambacho kinahusu madaftari ya metadata, kinatenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Lipo jambo lenyewe linalozungumziwa, kwa mfano nomino. Ipo sifa ya jambo hilo, kwa mfano ngeli. Na kuna kikoa cha thamani, yaani orodha ya majibu yanayoruhusiwa pamoja na maana ya kila jibu. Jina ambalo mtumiaji huliona juu ya safu ni jambo la nne, na kiwango hicho kinakiri kwamba dhana moja inaweza kuwa na majina zaidi ya moja kulingana na muktadha au lugha.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa hoja yetu. Watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya jina wakatofautiana juu ya dhana. Wanaweza pia kukubaliana juu ya jina na dhana, lakini orodha zao za thamani zikawa tofauti. Kompyuta hutambua kwa urahisi tofauti ya majina, kwani safu mbili zenye majina tofauti hukataa kuungana. Haitambui tofauti ya maana iliyojificha chini ya jina moja.

3.0 Kosa lisilopiga kelele

Nitatoa mfano kutoka katika kazi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki katika mradi wa kutengeneza mazoezi ya sarufi kwa wanafunzi wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya pili. Tulikuwa na faili mbili za maneno kutoka taasisi mbili. Kila faili ilikuwa na safu iliyoitwa "ngeli", na katika kila faili safu hiyo ilikuwa na tarakimu. Tulifurahi. Tuliunganisha faili zile kwa muda usiozidi dakika chache, na programu haikulalamika hata mara moja.

Faili ya kwanza ilifuata utaratibu unaotokana na kazi za Bleek na Meinhof, ambao huhesabu umoja na wingi kama ngeli mbili tofauti. Humo, mtoto ni ngeli ya 1, watoto ya 2, mti ya 3, miti ya 4, tunda ya 5, matunda ya 6, kitabu ya 7 na vitabu ya 8. Faili ya pili ilifuata desturi ya sarufi za kale, ambazo zilihesabu jozi: M-WA ya 1, M-MI ya 2, N ya 3, KI-VI ya 4, MA ya 5, U ya 6, mahali ya 7 na KU ya 8. Programu yetu ilikuwa na jedwali moja tu la viambishi vya upatanisho, na jedwali hilo lilifuata utaratibu wa kwanza.

Matokeo yake yalikuwa haya. Kwa maneno ya faili ya pili, programu iliandika "mti wameanguka", "nyumba umeanguka", "kitabu imeanguka", "ukuta yameanguka", na kwa ngeli ya nane, "kusoma vimenisaidia". Lakini iliandika pia "mtoto ameanguka" na "tunda limeanguka", sentensi zilizo sahihi kabisa, kwa kuwa tarakimu 1 na 5 zilisadifu kuelekeza kwenye viambishi sahihi katika taratibu zote mbili. Majaribio yetu ya awali yalianza na nomino za watu, kama ilivyo desturi ya kila kitabu cha sarufi, na yote yakapita. Kosa liligunduliwa na mwalimu baada ya mazoezi kufika darasani.

Sentensi iliyonisumbua zaidi ni "kitabu imeanguka". "Mti wameanguka" humshtua kila mtu. Lakini "kitabu imeanguka" husikika katika miji mingi ya bara, na mwanafunzi wa Kampala au Kigali angeweza kuipokea kama Kiswahili cha kawaida. Kosa la hifadhidata lilikuwa limevaa sura ya lahaja. Kama safu mojawapo ingeitwa jina tofauti, tungelazimika kusimama na kuuliza, na tusingefika huko. Jina la pamoja ndilo lililotupitisha bila kuuliza.

4.0 Madaftari yaliyopo yanasema nini juu ya ngeli

Jibu la haraka kwa kisa hiki ni kwamba tungerejelea daftari la kimataifa tangu mwanzo. Sehemu hii inachunguza tungekuta nini.

4.1 TBX na thamani ya "nyingine"

TBX ni muundo wa kubadilishana data za istilahi uliotolewa kama kiwango cha ISO 30042 mwaka 2008 na kusahihishwa mwaka 2019. Miongoni mwa vipengele vyake vya kawaida kimo cha jinsia ya kisarufi, na thamani zake ni nne: ya kiume, ya kike, isiyo ya kiume wala ya kike, na nyingine. Kwa mtaalamu wa istilahi za Kijerumani orodha hii inatosha. Kwa mtaalamu wa istilahi za Kiswahili, kila nomino, kuanzia "mtandao" hadi "hifadhidata" hadi "upakuzi", itaingia katika thamani ya mwisho.

Mtu anaweza kujibu kwamba TBX inaruhusu watumiaji kuongeza vipengele vyao. Ni kweli. Lakini kinachoongezwa na mradi mmoja hakijulikani na mwingine, na hapo tumerudi tulikoanzia. Aidha, "nyingine" ni thamani halali. Faili ambayo nomino zake zote ni "nyingine" itapita ukaguzi wa mashine bila dosari, ilhali haina taarifa yoyote ya sarufi ndani yake. Hili ni kosa la aina ileile niliyoieleza katika sehemu ya 3.0.

4.2 ISOcat na wingi usio na msimamizi

Jaribio pana zaidi la kuwa na daftari la pamoja la vipengele vya data za kiisimu lilikuwa ISOcat, lililojengwa kwa misingi ya ISO 12620:2009 na kuendeshwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia-isimu huko Nijmegen, Uholanzi. Wazo lake lilikuwa la kuvutia. Mtafiti yeyote aliweza kusajili dhana yake, ikapewa anwani ya kudumu, na kamati za wataalamu zingepitia dhana zilizosajiliwa na kuzisanifisha.

Usajili ulikwenda kasi, usanifishaji haukuweza kuufuata. Dhana zilizofanana zilirundikana, kila moja ikiwa na anwani yake halali na fasili iliyotofautiana kidogo na ya jirani yake. Mwishoni mwa mwaka 2014 taasisi hiyo iliacha kuliendeleza daftari hilo. Mtandao wa utafiti wa Ulaya unaoitwa CLARIN ulihamishia sehemu yake kwenye daftari jipya lenye muundo mwepesi zaidi, ambamo ni waratibu wa kitaifa tu wanaoruhusiwa kuingiza au kubadili dhana.

Funzo la ISOcat mara nyingi huelezwa kama la kiufundi, kwamba muundo wake ulikuwa mzito mno. Kwa maoni yangu funzo kubwa zaidi ni la kiutawala. Daftari ambalo kila mtu anaweza kuandika na hakuna anayelazimika kufuta halitofautiani na ukuta wa matangazo. Lakini suluhisho la CLARIN nalo lina upande wake wa pili kwetu: mwenye haki ya kuandika ni mratibu wa nchi iliyomo katika mtandao huo. Mtafiti wa Kiswahili aliyeko Bujumbura anaweza kusoma daftari hilo, lakini hana mlango wa kuingizia ngeli ndani yake.

4.3 Universal Dependencies

Mfano wenye kutia moyo ni mradi wa Universal Dependencies, unaosimamia kanuni za pamoja za kuchanganua sentensi za lugha nyingi. Kanuni zake zina kipengele maalumu cha ngeli, kilichotenganishwa na kile cha jinsia, na thamani zake kwa lugha za Kibantu huhesabiwa kwa tarakimu kwa kufuata mapokeo ya isimu ya Kibantu. Kila thamani ina maelezo yake. Jina la thamani lenyewe linataja Kibantu kabla ya tarakimu, hivyo tarakimu 4 ya Kibantu haiwezi kuchanganywa na 4 ya utaratibu mwingine. Tahadhari hii ndogo ingetuokoa kabisa katika kisa changu.

Hata hivyo, kanuni hizo zililenga uchanganuzi wa matini, si uingizaji wa maneno katika kamusi. Katika matini, kila neno hupewa thamani pale lilipo. Mwanakamusi ana deni zaidi: lazima aseme umoja na wingi wa neno kwa pamoja, na lazima aseme umbo na upatanisho pale vinapotofautiana. Hapo ndipo tatizo linapotugeukia sisi wenyewe.

4.4 Misimbo ya lugha

Kipengele cha "lugha" kinaonyesha kwamba daftari linaweza kuwa na msimamizi imara na bado likahitaji kuhakikiwa. ISO 639-3, ambayo msajili wake ni SIL International, inauchukulia msimbo "swa" kuwa wa lugha kuu yenye wanachama wawili: "swh" kwa Kiswahili na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Matumizi ya misimbo hiyo yameniletea mashaka mara nyingi. Matini ya gazeti kutoka Bukavu iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu huwekwa "swc" kwa sababu tu ilitoka Kongo, na mazungumzo ya Lubumbashi huwekwa "swa" kwa sababu mwekaji hakutaka kuamua. Daftari halikukosea katika lolote kati ya haya. Lilitoa thamani, lakini halikuweza kumlazimisha mtumiaji kusema kama anataja mahali matini ilipotoka au namna ya lugha iliyomo. Hayo ni mambo mawili, na yanahitaji vipengele viwili.

5.0 Tatizo letu wenyewe

Ni rahisi kuwalaumu waundaji wa TBX kwa kutoijua ngeli. Lakini tuseme leo tumepewa nafasi ya kuisajili. Tungeandika fasili gani?

Kuna mapokeo mawili makuu. Ya kwanza huainisha nomino kwa umbo lake, yaani viambishi vya umoja na wingi: M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI, N na kadhalika. Ya pili huainisha kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI na kadhalika. Walimu wengi hufundisha kana kwamba orodha hizi mbili ni majina mawili ya vitu vilevile, na majedwali ya kulinganisha huwekwa ubavuni: M-WA ni A-WA, JI-MA ni LI-YA, N ni I-ZI.

Ulinganisho huo haushikiki. Kijana, kiziwi, kifaru na kiboko wana umbo la KI-VI lakini hupatanishwa kwa A-WA. Waziri na bwana huchukua MA katika wingi, na bado ni A-WA. Tembo na simba wako katika N kwa umbo, A-WA kwa upatanisho. Mtume huwa mitume, wingi wa MI kabisa, lakini hatusemi "mitume imefika". Kwa upande mwingine, ugonjwa huwa magonjwa na ukuta huwa kuta, hivyo kundi moja la umbo katika umoja hugawanyika mara mbili katika wingi. Orodha za upatanisho nazo hazilingani zenyewe kwa zenyewe: baadhi ya vitabu vya shule huwa na I-I kwa sukari na chumvi, na YA-YA kwa maji na mate, ilhali vingine huyaweka maneno hayo katika I-ZI na LI-YA na kutaja tu kwamba hayana wingi au hayana umoja.

Kutokana na hali hii, safu moja yenye jina "ngeli" haiwezi kuwa na fasili moja. Anayeandika KI-VI katika safu hiyo huenda anazungumzia umbo, au upatanisho, au hajawahi kulazimika kutofautisha. Kwa bahati mbaya KI-VI ni jina lililomo katika mapokeo yote mawili. Likiandikwa mbele ya "kisu" halina madhara. Likiandikwa mbele ya "kijana" ni sahihi katika mapokeo moja na kosa katika mapokeo mengine, na hakuna mashine inayoweza kujua ni yapi.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu, makala inapendekeza mambo manne.

Kwanza, muundo wa data wa kamusi ya Kiswahili uwe na vipengele viwili badala ya kimoja: ngeli ya umbo na ngeli ya upatanisho. Neno "ngeli" peke yake lisitumike kama jina la safu. Kwa nomino nyingi thamani zitakwenda sambamba na kazi ya mwanakamusi haitaongezeka sana. Kwa zile ambazo haziendi sambamba, ambazo ndizo zinazomtatiza mwanafunzi, taarifa itakuwepo.

Pili, kila thamani iwe na kitambulisho cha kudumu kilichotengana na lebo yake. Mwalimu wa Nairobi aone LI-YA, mwanaisimu wa Kibantu aone 5/6, na mashine isome kitambulisho ambacho si cha huyu wala cha yule. Kubishana juu ya lebo ipi ni bora kutaendelea, na kuna manufaa yake, lakini data hazitasubiri mpaka ubishi uishe.

Tatu, uhusiano kati ya orodha uandikwe kwa uaminifu. Msamiati wa SKOS, uliopitishwa na W3C mwaka 2009, unaruhusu kusema kwamba dhana mbili zinalingana kabisa, au zinakaribiana tu, au moja ni pana kuliko nyingine. Kati ya N na I-ZI kuna ukaribu, si ulinganifu kamili. Kuandika ulinganifu kamili kwa sababu jedwali la darasani linasema hivyo ni kurudia kosa kwa maandishi ya kudumu.

Nne, fasili ziandikwe kwa Kiswahili kwanza. Tukianza na dhana ya "jinsia ya kisarufi" kisha tukatafuta mahali pa kuichomeka ngeli, tutabaki katika "nyingine". Tafsiri ya lebo haitoshi. Kinachohitajika ni fasili yenye mifano, yenye mipaka, na yenye kueleza nomino zipi haziingii.

Je, nani alitunze daftari hilo? Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina mamlaka yanayovuka mipaka ya nchi moja, na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022 mipaka hiyo imepanuka kufikia wazungumzaji ambao hapo awali walisemewa zaidi kuliko kusema. Mabaraza na vyama vya kitaifa vingekuwa na wawakilishi wenye haki ya kupendekeza, na kamati ndogo ingekuwa na wajibu wa kukubali, kukataa na kufuta. Kufuta nakutaja kwa makusudi, kwa sababu ndiko kulikokosekana katika ISOcat.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Baadhi ya wenzetu husema kwamba daftari la kikanda litatutenga na dunia, na kwamba ni heri kutumia la kimataifa hata kama lina mapungufu. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ingetubidi kuchagua moja. Haitubidi. Dhana ya "ngeli ya upatanisho" inaweza kuishi katika daftari letu na wakati huohuo kuunganishwa na kipengele cha ngeli cha Universal Dependencies kwa kiungo cha ukaribu. Atakayetaka taarifa ya jumla ataipata huko, na atakayetaka undani atakuja kwetu. Bila daftari letu, undani huo hauna pa kupatikana.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba hatari ya madaftari ya pamoja ya msamiati haiko katika kushiriki, bali katika kushiriki nusu. Jina likishirikiwa bila fasili na bila kikoa cha thamani, faili huungana kwa urahisi na makosa hupita kimyakimya hadi kwa msomaji wa mwisho, ambaye kwa kawaida ni mwanafunzi. Mifano ya TBX, ISOcat na misimbo ya lugha imeonyesha sura tatu za udhaifu huo: thamani inayomeza kila kitu, wingi usio na msimamizi, na kipengele kimoja kinachobeba maswali mawili.

Kazi inayofuata si ya wataalamu wa kompyuta. Wao wameshatupatia vitambulisho vya kudumu, viungo vya ulinganisho na kanuni za usajili. Kinachosubiriwa ni orodha ya ngeli za umbo na orodha ya ngeli za upatanisho, kila moja na fasili yake na nomino zake za mpakani, iliyokubaliwa na watu watakaokuwa tayari kuitetea na kuisahihisha. Kazi hiyo inaweza kuanza na nomino mia mbili tu, zile zinazotofautiana kati ya umbo na upatanisho. Ninapendekeza ianze na "kijana".